Mshika mbili: seti moja ya tairi kwa barabara na kwa uwanja wa mbio

Haya, leo tuiweke kompyuta pembeni kidogo. Ila hatuendi mbali nayo, kwa sababu mada ya leo ni ugonjwa ule ule unaotusumbua sisi waandika programu kila siku: kitu kimoja kudaiwa kifanye kazi mbili zisizopatana, kisha mwenye nacho anashangaa kwa nini kazi zote mbili zimeharibika.

Swali limeletwa na kijana mmoja wa huku kwetu Jego. Anafanya kazi Diani, na gari lake ni Subaru Impreza WRX, lile lenye turbo. Kila wiki anashuka nalo kuja nyumbani, na mwaka huu anataka kulipeleka Athi River, kwenye uwanja wa Whistling Morans, akashindane na saa. Muuzaji mmoja wa tairi amemshauri achukue semi-sliki, zile tairi za mashindano zenye mifereji michache mno, akamwambia "zitakufanyia yote, barabarani na uwanjani". Kijana anauliza: kaka, nichukue?

Jibu langu ni hapana. Ningeweza kuishia hapo, lakini jibu lisilo na sababu halimsaidii mtu, na najua wako wengi Ukunda, Msambweni na Mombasa wenye swali hilo hilo. Basi twende taratibu.

KWANZA: ORODHA YA MAHITAJI

Kabla ya kuandika programu tunauliza: itatumiwa na nani, wapi, mara ngapi? Kwenye tairi watu wengi huruka hatua hii. Wanaanza na jina la kampuni, au na picha ya gari walilolipenda.

Tufanye hesabu ya huyu ndugu yetu. Kutoka mpakani huku hadi Athi River ni zaidi ya kilomita 500. Kwenda na kurudi, zaidi ya 1,000. Akifika uwanjani akazunguka mpaka achoke, tuseme kilomita 40. Maana yake katika safari ile ile ya mashindano, uwanja wenyewe ni chini ya asilimia 4. Zilizobaki zote ni barabara: malori ya Mombasa, matuta, mvua, usiku. Na hapo sijahesabu wiki zote za mwaka anazokwenda Diani na kurudi, wala njia za vumbi za huku ndani ambazo mvua ya masika ikishuka na mto Umba ukifura, unashukuru Mungu ukifika.

Kwa hiyo mtu anayenunua semi-sliki kwa ajili ya gari la kila siku anajenga mfumo mzima kwa ajili ya asilimia 4 ya matumizi. Mimi mfanyakazi wangu akiniletea mpango kama huo namrudisha mezani.

TAIRI INAFANYA NINI HASA

Gari lako lote, injini, turbo, breki, abiria na mzigo, linagusa ardhi kwa vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa kiganja hivi. Kila kona unayokata na kila breki unayoshika hupita hapo. Unaweza kuwa na breki za maelfu ya dola, lakini breki husimamisha gurudumu tu. Anayesimamisha gari ni tairi.

Tuweke namba. Gari linakwenda kilomita 100 kwa saa. Kwa fizikia ya darasani, tairi nzuri kwenye lami kavu, yenye mshiko wa 1.0, italisimamisha kwa mita 39 tangu breki zishike. Tairi ya wastani, mshiko 0.8, itachukua mita 49. Tairi kipara au iliyokauka kwenye lami ya mvua, mshiko 0.5, itachukua mita 79.

Watu wakisikia 39 dhidi ya 79 husema "mara mbili tu". Si mara mbili tu. Jiulize: pale mita ya 39 ambapo gari lenye tairi nzuri limeshasimama, yule mwenzake wa mshiko 0.5 anakwenda kasi gani? Ukipiga hesabu utapata kilomita 71 kwa saa. Sasa mweke mtoto wa shule anayevuka barabara kuu pale Msambweni, au trela la miwa linaloingia barabarani Ramisi bila taa za nyuma, halafu niambie kama tofauti hiyo ni ya mchezo.

KWA NINI SEMI-SLIKI NI NZURI UWANJANI NA MBAYA NJIANI

Mpira wa tairi ya mashindano umechanganywa ili ufanye kazi ukiwa moto. Nyingi hushika vizuri zikifika nyuzi 80 hadi 100 za selsiasi. Uwanjani, kona baada ya kona, joto hilo linapatikana katika mzunguko mmoja au miwili. Barabarani hulipati, kwa sababu unakwenda moja kwa moja, unashika breki mara chache, na upepo unapoza. Najua mtakachosema: "Pwani kuna joto bwana, lami ya Ukunda saa nane mchana inakaanga yai." Kweli, lami juani hupita nyuzi 50. Lakini saa kumi na moja alfajiri huna jua hilo, na mvua ikinyesha huna joto kabisa.

Na mvua ndiyo kesi yenyewe. Kazi ya mifereji ya tairi ni kutoa maji. Maji yakiwa mengi kuliko yanavyoweza kutoka, tairi hupanda juu yake na kuelea, usukani ukawa mwepesi mkononi kama umekatika. Wahandisi wa NASA katika miaka ya 1960, walipokuwa wakichunguza tairi za ndege, walipata kanuni rahisi: kasi ya kuanza kuelea inategemea presha ya tairi. Chukua kipeuo cha pili cha presha kwa psi, zidisha kwa 10.35, unapata maili kwa saa. Kwa psi 32 ni maili 58 na nusu, yaani kama kilomita 94 kwa saa. Kanuni hiyo ni ya hali ambayo mifereji imeshindwa kutoa maji. Tairi yenye mifereji mizuri na mirefu hukupa nafasi zaidi. Semi-sliki, ambayo haina mifereji ya kutosha tangu ikiwa mpya, nafasi hiyo haikupi. Na kadiri tairi inavyokuwa pana, maji ya kusukuma yanakuwa mengi zaidi.

Sheria ya Kenya inaruhusu gari dogo hadi kilomita 110 kwa saa kwenye barabara kuu za njia mbili. Kwa hiyo hata mtu mtiifu kabisa, asiyevunja sheria yoyote, anaweza kuelea. Ongeza kona za mlimani kutoka Kombani kwenda Kwale, ambako mawingu ya Shimba Hills hukumwagia mvua wakati Tiwi chini kuna jua, na utaelewa kwa nini mimi simshauri mtu.

Seva hatuihukumu kwa siku ya kawaida. Tunaihukumu kwa ile saa moja mbaya, watu wote wakiingia kwa pamoja. Tairi nayo ni hivyo hivyo. Huichagui kwa siku uliyopiga picha, unaichagua kwa sekunde tatu mbaya kuliko zote utakazokutana nazo.

VIPIMO NA UJANJA WA WENYE VIPIMO

Ubavuni mwa tairi nyingi utaona neno "Treadwear" na namba. Hiki ni kipimo cha Marekani cha kudumu kwa mpira, tairi ya mfano ikiwa 100. Tairi yenye 300 inatarajiwa kudumu mara tatu ya ile ya mfano. Tairi za safari za kawaida huwa na 400 na zaidi. Tairi nzuri za spoti za barabarani, mfano Michelin Pilot Sport 4S, ziko karibu na 300. Halafu kuna kundi la 200 kama Bridgestone Potenza RE-71RS na Yokohama Advan A052. Chini kabisa ziko semi-sliki kama Toyo R888R, yenye 100.

Sasa hapa kuna jambo litakalowachekesha wenzangu wa kompyuta. Vilabu vya mashindano vya Marekani viliweka sharti: gari la mtaani lisitumie tairi yenye namba chini ya 200. Lengo lilikuwa kuzuia tairi za mbio. Kilichotokea? Kampuni zikaanza kutengeneza tairi zenye mwenendo wa mbio na kuzipiga muhuri wa 200, kwa sababu namba hiyo hutolewa na mtengenezaji mwenyewe. Ndiyo yale yale ya programu inayoandikwa ili ifaulu jaribio badala ya kumhudumia mtumiaji. Basi namba hii itumie kulinganisha tairi za kampuni moja, ila usiitegemee sana kulinganisha kampuni na kampuni.

Kipimo ninachokipenda zaidi ni lebo ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza 2012 na kurekebishwa 2021. Ina herufi ya mshiko kwenye maji, kuanzia A hadi E. Tairi ikiwa ya soko la Ulaya, lebo hiyo utaipata mtandaoni hata kama duka halijaibandika. Kwa gari la pwani, mimi tairi isiyo na A au B kwenye maji siinunui.

NAMBA NNE MUHIMU KULIKO ZOTE

Tafuta herufi DOT ubavuni, kisha namba nne za mwisho. Mfano 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Hiyo ni tarehe ya kuzaliwa kwa tairi.

Mpira huzeeka hata ukiwa umekaa tu. Joto, jua na hewa huukausha, ukawa mgumu, na mifereji bado inaonekana mipya. Watengenezaji wengi wa magari wanasema badilisha ikifika miaka 6, na watengenezaji wengi wa tairi wanaweka kikomo cha miaka 10 hata kama haijatumika. Mnamkumbuka mwigizaji Paul Walker? Alikufa Novemba 2013 huko California ndani ya Porsche Carrera GT iliyokuwa inaendeshwa na rafiki yake. Wachunguzi walisema chanzo ni mwendo wa kasi, na wakataja pia kwamba tairi zilikuwa na umri wa miaka 9. Gari lile lilikuwa la bei ya nyumba kadhaa.

Huku kwetu jambo hili lina uzito zaidi. Kiwanda cha tairi za Yana kule Nairobi kilifungwa 2016, na tairi mpya tunazonunua leo karibu zote zimesafiri kwa meli na kukaa maghala kadhaa kabla hazijafika kwa muuzaji. Na tairi za mtumba, zile zilizokuja na magari au zilizovuliwa mahali, unaambiwa "hii ni ya Japani hii, original". Jina la Japani halizuii mpira kuzeeka. Piga magoti, soma namba nne. Muuzaji akinuna, nenda duka la pili.

KWA WENYE SUBARU: NNE KWA PAMOJA

Hili nalisema peke yake kwa sababu linawagharimu vijana wengi. Impreza husukuma magurudumu yote manne, na katikati kuna gia inayogawa nguvu mbele na nyuma. Gia ile inataka tairi zote nne ziwe na mzingo sawa. Subaru wenyewe wanataka tofauti ya mzingo isizidi robo inchi, kama milimita 6.

Piga hesabu: tairi moja ikiwa imelika milimita 1 zaidi ya nyingine, mzingo wake umepungua kwa milimita 6.3. Yaani milimita moja tu ya kulika inakufikisha kwenye mpaka wenyewe. Sasa yule anayesema "mwezi huu nanunua mbili, mwezi ujao mbili za kampuni nyingine" anailazimisha gia ile izunguke na kupata moto kila kilomita, hata akiwa njia nyoofu. Itakufa, na bei yake itakufanya uone tairi zilikuwa rahisi. Kama pesa ya nne haijatimia, subiri itimie. Na pancha ikiharibu moja kabisa wakati nyingine zimelika, ulizia ya umri na kimo kile kile.

SAIZI YA RIMU

Vijana wanapenda rimu kubwa. Tazama tofauti: tairi ya 205/55R16 ina ukuta wa milimita 113. Ya 215/45R17 ina milimita 97. Kipenyo cha jumla kinakaribiana sana, kama milimita 632 na 625, lakini milimita 16 za ukuta ndizo zinazookoa rimu unapoingia shimo usiku au unapopita jiwe njia ya Jego. Kwa mtu wa maisha haya, mimi nasema baki na 16. Tahadhari moja tu: ukiwa na STI yenye breki kubwa za Brembo, rimu ya 16 haiingii, itabidi 17.

Na msidhani kutafuta uimara ni uoga. Mwaka 1993 Patrick Njiru wetu aliimaliza Safari Rally kwa Subaru Vivio, kagari kadogo ka injini ya chini ya lita moja, wakati Colin McRae mwenye Vivio kama hiyo hakufika mwisho. Hata leo, tangu Safari irudi kwenye mashindano ya dunia 2021 kule Naivasha, madereva wakubwa hubeba spea mbili na kuhesabu mawe kabla ya kuhesabu sekunde.

HOJA YA UPANDE WA PILI

Tuwe waadilifu. Wenye semi-sliki wana hoja. Uwanjani tairi ya barabarani hupata moto kupita kiasi, ikaanza kuteleza kama imepakwa mafuta, na mabega yake ya nje hulika haraka. Mtu anayeshindania nafasi ya kwanza kwenye Kiamburing au Athi River hawezi kushinda na tairi ya safari. Sibishi.

Lakini dawa yake ni seti mbili. Nunua rimu nne za pili, hata za mtumba zisizo na ufa, vika semi-sliki, zipakie garini au zitangulize kwa lori. Ukifika, jeki, spana, badilisha, shindana, rudisha zako za njiani, rudi nyumbani. Wanaosema seti mbili ni ghali wamesahau kwamba seti zote mbili zinalika polepole, kwa sababu kila moja inafanya kazi yake tu. Semi-sliki moja ya kila siku itaisha kwenye malami ya Mariakani na Voi kabla hujafaidi kona hata kumi za uwanja.

Kwa anayeanza, kama kijana wetu, hata seti ya pili bado. Achukue tairi nzuri za spoti za barabarani, nne, mpya, zenye A kwenye maji. Aende nazo uwanjani. Azunguke mara tatu au nne kwa nguvu, mzunguko mmoja wa taratibu zipoe, kisha tena. Tairi ya barabarani humwonya dereva kwa kulia kabla haijaachia, na humuachia polepole. Semi-sliki hushika, hushika, kisha huachia ghafla. Mwanafunzi anahitaji mwalimu anayeonya.

PRESHA, JAMBO DOGO LINALOUA

La mwisho, kwa sababu hata mwenye tairi bora hulisahau. Ukianza asubuhi na psi 32 kwenye nyuzi 30, tairi zikifika nyuzi 80 uwanjani presha itakuwa karibu 40. Kila mtu uwanjani atakwambia punguza, na ni kweli. Tuseme umepunguza hadi 34 zikiwa moto. Jioni unarudi, zimepoa: sasa una psi 27. Irudishe kwenye ile kanuni ya kuelea. Kutoka kilomita 94 kwa saa umeshuka hadi 87, na ukuta wa tairi umelegea, na una zaidi ya kilomita 500 za usiku mbele yako, malori pande zote. Nunua geji yako na kompresa ndogo ya betri ya gari. Pima tairi zikiwa baridi, kabla ya kutoka uwanjani jaza, na Voi pima tena.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Jego: semi-sliki waachie wenye seti mbili. Pesa uliyotaka kuiweka kwenye bomba la moshi lenye kelele na kwenye turbo kubwa, iweke kwanza kwenye mipira minne inayokugusanisha na ardhi. Mshika mbili moja humponyoka, na kwenye barabara hii ya Lunga Lunga inayokuponyoka inaweza kuwa gari lenyewe likiwa na mama yako ndani.

Mwenye hoja tofauti aje nayo, ila aje na namba. Hadi wiki ijayo, kwaherini.